Hesabu nne za mwanafunzi wa uzamivu Marekani

Ukishapata nafasi ya kusomea uzamivu katika chuo cha Marekani, neno ukaazi utaanza kulikuta kila karatasi, na kila ofisi ina maana yake. Ofisi ya masomo ya juu inahesabu mihula uliyosoma chuoni. Ofisi ya ada inauliza kama wewe ni mtu wa jimbo lile. Mamlaka ya kodi, yaani IRS, inahesabu siku zako kwa kalenda. Uhamiaji nao hauangalii lolote kati ya hayo: unaangalia fomu ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, na kama umejisajili kwa muda kamili muhula huu. Hizo ni hesabu nne, kila moja ina mwenyewe na kila moja inakwenda kwa mwendo wake. Wanaoumia mara nyingi ni wanafunzi hodari waliokamilisha hesabu moja wakadhani na nyingine imekwisha.

Tuanze na ukaazi wa kitaaluma, kwa kuwa ndio ulioleta neno lenyewe. Vyuo vikongwe vya Uingereza hadi leo huupima kwa maili. Mwanafunzi wa uzamivu wa Oxford hutakiwa kuishi ndani ya maili 25 kutoka njiapanda ya Carfax, na wa Cambridge ndani ya maili 10 kutoka kanisa la Great St Mary's. Marekani hawapimi umbali, wanahesabu mihula na krediti, yaani pointi za kozi, ambazo vyuo vingine huziita uniti. Harvard inadai angalau miaka 2 ya masomo ya muda kamili. Berkeley inadai mihula 4, na muhula hauhesabiki mpaka uwe umesajili angalau uniti 4 za kozi zinazokubalika. Wisconsin-Madison, ambako watu wetu wengi wamesomea lugha na fasihi za Kiafrika, inadai krediti 51 kwa jumla, na kati ya hizo 32 ziwe zimesomwa palepale. Stanford inadai uniti 135.

Hapo kwenye uniti 135 shika kalamu. Stanford hugawa mwaka kwa vipindi vinne, na mwanafunzi anayefanya kazi ya usaidizi wa kufundisha au wa utafiti kwa nusu ya muda haruhusiwi kuzidi uniti 10 kwa kipindi. Gawanya 135 kwa 10, unapata vipindi 14. Ukisoma na kiangazi, vipindi 4 kwa mwaka, unamaliza kwa miaka mitatu na nusu. Ukiacha kiangazi, inakaribia miaka mitano. Chuo kinaweza kukukatia hadi uniti 45 kwa masomo ya uzamili uliyofanya kwingine, zikabaki 90, yaani vipindi 9. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya ufadhili ambayo watu huibishania kwa wiki nzima. Hata hivyo hazikatwi zenyewe: ombi linapelekwa, likiambatana na nakala rasmi ya matokeo na, kwa kawaida, maelezo ya kila kozi. Omba maelezo hayo kwa idara yako ya zamani kabla hujaondoka nyumbani. Kuyatafuta kutoka ng'ambo, wakati mtunza kumbukumbu yupo likizo, ni kazi ya miezi.

Kuhamisha masomo hakufuti ukaazi. Kwa Wisconsin, uzamili wako wa Dar es Salaam au Nairobi unaweza kuziba pengo la krediti 19, yaani 51 kutoa 32, idara ikikubali. Zile 32 hazipungui kwa uzamili wa mahali pengine popote.

Muda kamili una sura mbili

Kabla ya mtihani mkubwa wa uzamivu, muda kamili ni jambo rahisi: Berkeley ni uniti 12, na vyuo vingine vina namba zao. Baada ya kuufaulu mtihani na kuwa mtahiniwa, namba hubadilika, tena kwa namna inayotofautiana sana. Wisconsin humhesabu anayeandika tasnifu kuwa wa muda kamili kwa krediti 3. Michigan humsajili mtahiniwa katika kozi namba 995 yenye krediti 8. Stanford, ukishatimiza uniti 135 na masharti mengine, hukuweka katika hadhi ya TGR, ambapo unasajili kozi yenye uniti sifuri na bado ni mwanafunzi kamili. Berkeley mtahiniwa hubaki na 12 zilezile, nyingi zikiwa za utafiti chini ya msimamizi.

Krediti 3 za Wisconsin ni 3, zisipungue wala zisizidi. Mtu anayeandika tasnifu akajiongezea kozi ya Kiarabu ya krediti 4 kwa nia njema hujitoa katika hadhi ile na kukuta ankara ya ada ya kawaida. Kama unahitaji lugha au takwimu, zimalize kabla ya mtihani, au uombe kuhudhuria darasani bila kusajiliwa.

Tena ni kila muhula. Usajili usiokatika ndio sharti linalowashangaza wengi waliotoka kwenye vyuo ambako mwanafunzi wa uzamivu hulipa ada kwa mwaka na kuonekana siku ya kuwasilisha sura. Michigan imelifanya kanuni kwa wote tangu muhula wa vuli wa 2010. Wisconsin, mwandishi wa tasnifu akikatisha usajili, humtoza mwishoni ada ya kukamilisha shahada inayolingana na krediti 12 kwa bei ya krediti moja ya hadhi yake. Mtu anayekaa nje mihula miwili ili kuokoa fedha huilipa akiba yote siku anayotaka kuhitimu.

Kinachozuia usajili mara nyingi ni kitu kidogo: deni la maktaba, cheti cha chanjo kisichopakiwa, ada ya bima ya afya, matokeo ya mwisho ya shahada ya kwanza ambayo chuo bado kinayadai. Mfumo huweka kizuizi kwenye akaunti, na kizuizi hicho hakikupigii simu. Ingia kwenye akaunti wiki sita kabla ya muhula, na tena wiki moja kabla. Ukiona kizuizi, kila kimoja kina ofisi yake, na msimamizi wako hana uwezo wa kukiondoa hata awe profesa mashuhuri kiasi gani.

Jicho la uhamiaji

Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hesabu hii ndiyo isiyo na huruma. Chuo hutakiwa kuthibitisha katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ndani ya siku 30 tangu muhula uanze, kwamba umejisajili kwa muda kamili. Muda kamili kwa mwanafunzi wa uzamivu ni ule ambao chuo chenyewe kimeuthibitisha, ndiyo maana krediti 3 za Wisconsin zinatosha kwa uhamiaji. Lakini lazima uwe umeshaingia rasmi katika hadhi ya mtahiniwa. Kufaulu mtihani Ijumaa na karatasi zikasainiwa wiki tatu baadaye, muhula ukiwa umeshaanza, hukuacha na krediti 3 katika muhula unaohitaji zaidi. Baada ya mtihani fuatilia saini mwenyewe, siku hiyohiyo.

Kozi za mtandaoni zina kikomo: katika muda kamili wa muhula, ni kozi moja tu ya mtandaoni au krediti 3 zinazohesabika. Kupunguza mzigo kunawezekana, ila kwa ruhusa ya afisa wa wanafunzi wa kigeni kabla hujaifuta kozi. Ukiifuta Jumatatu na kumwona afisa Jumatano, umeshatoka nje ya hadhi siku mbili, na kurekebisha ni kazi nzito. Sababu zinazokubalika ni chache: ugumu wa mwanzo wa lugha, wa usomaji au wa mtindo wa ufundishaji, ambapo lazima ubaki na angalau nusu ya mzigo, ugonjwa, kwa barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni, usiozidi miezi 12 kwa jumla katika ngazi hiyo ya masomo, na muhula wa mwisho, ukibakiwa na kozi chache kuliko muda kamili. Kukosa ada hakumo. Mfadhili akichelewa kulipa, nenda kwa afisa huyo kabla usajili haujafutwa, kwa kuwa wakati huo bado kuna njia: mkopo wa dharura wa chuo, mpango wa kulipa kidogo kidogo, barua ya mfadhili.

Ukihama nyumba, toa anwani mpya ndani ya siku 10. Kazi ya chuoni isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ukiwa na kazi mbili, saa hizo zinajumlishwa.

I-20 ina tarehe ya mwisho. Chuo huandika miaka mitano, na tasnifu nyingi hazimaliziki kwa miaka mitano. Kuongezewa muda kunawezekana kwa sababu za kitaaluma au za kiafya: mada imebadilika, maabara imeharibika, kibali cha utafiti kimechelewa. Ila ombi lazima likamilike kabla ya tarehe hiyo. Baada yake hakuna nyongeza. Kinachobaki ni kuomba kurejeshwa hadhi kwa fomu I-539, kwa kawaida kabla miezi mitano haijapita, au kutoka nje na kuanza upya. Anza ombi miezi mitatu kabla, kwa sababu linahitaji barua ya msimamizi na uthibitisho mpya wa fedha, na barua ya msimamizi ndiyo huchelewa. Tazama pia rekodi yako ya kuingia nchini, I-94: imeandikwa D/S, yaani muda wote wa hadhi, au ina tarehe kamili? Agosti 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ilipendekeza kuiondoa D/S na kuweka kikomo cha hadi miaka 4. Mwenye tarehe kamili huifuata ile tarehe.

Walioletwa na Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, wana viza ya J-1, na wao wana ukaazi wa aina ya tano: kurudi nchi yao na kukaa humo miaka 2 kwa jumla kabla ya kuomba makazi ya kudumu au viza ya kazi ya H-1B.

Kurudi nyumbani kwa utafiti

Hapa ndipo hesabu zote hugongana, na hapa ndipo mtu wetu anahitaji uangalifu kuliko mwenzake anayetafiti katika maabara ghorofa ya chini. Umefaulu mtihani. Data iko Pemba, Kisumu au Bukavu. Unataka kuondoka mwaka mzima.

Kuna milango miwili inayofanana kwa nje. Mmoja ni likizo ya masomo: huna usajili wala ada, na rekodi yako ya SEVIS inafungwa. Mwingine ni kubaki umesajiliwa ukiwa nje, kwa jina lolote ambalo chuo hulitumia. Vyuo vya umma vya University of California, kama Berkeley, huuita in absentia: mtafiti aliye nje ya jimbo kwa kazi ya shahada yake hulipa asilimia 15 tu ya ada ya masomo na ya huduma za wanafunzi, ila bima ya afya hulipa yote. Wisconsin ni zile krediti 3. Stanford ni TGR.

Likizo inavutia kwa sababu ni bure. Gharama yake huja baadaye. Ukikaa nje zaidi ya miezi mitano bila kuwa umesajiliwa kwa masomo, hadhi yako ya F-1 imekwisha. Unarudi kama mgeni: I-20 mpya, ada mpya ya SEVIS ya dola 350, mara nyingi na viza mpya, na lazima usome mwaka mzima wa masomo tena kabla ya kustahili kibali cha kufanya kazi nje ya chuo. Zaidi ya hayo, amri za 2025 ziligusa viza za wanafunzi wa mataifa kadhaa, yakiwemo ya Afrika Mashariki, kwa hiyo viza mpya haichukuliwi kama jambo la kawaida. Ukibaki umesajiliwa, chuo huendelea kuiacha rekodi hai, na ile miezi mitano haikugusi. Kwa maoni yangu, kwa mwenye F-1, likizo kwa ajili ya utafiti ni kosa karibu kila mara. Lipa ile asilimia 15.

Utaratibu wenyewe unaanza miezi 9 kabla ya safari, wala si mitatu. Kwanza idhini ya kamati ya maadili ya chuo, ambayo huhitaji uwe mwanafunzi aliyesajiliwa na pendekezo lililokubaliwa. Kisha kibali cha nchi: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina kibali chake peke yake, mwenye cha COSTECH bado hawezi kuanza kuhoji watu Unguja. Uraia wako haukuondolei kibali cha utafiti. Mwenzako Mkenya anayekwenda Tanzania atahitaji na cha ukaazi, daraja C. Vibali vya nchi hutaka barua ya taasisi mwenyeji, na taasisi mwenyeji hutaka kuona idhini ya maadili, kwa hiyo huwezi kuvishughulikia vyote kwa pamoja. Ombi la hadhi ya nje ya chuo nalo lina tarehe yake, kabla ya muhula, na linadai saini ya msimamizi na ya mkuu wa idara.

Angalia pia mshahara wako. California, aliye in absentia anaweza kushika ufadhili au kazi ya usaidizi wa utafiti, lakini hawezi kufundisha. Kama riziki yako yote ni kufundisha, kuondoka kwako kunaondoa mshahara na msamaha wa ada kwa pamoja, na ni lazima ruzuku ya utafiti iwe mkononi kabla ya kununua tiketi.

Siku ya kuondoka hakikisha I-20 ina saini ya safari isiyozidi miezi 12, pasipoti ina muda wa kutosha, na una barua ya idara inayosema uko nje kwa utafiti wa tasnifu na bado umesajiliwa. Kama utakaa zaidi ya mwaka, omba I-20 yenye saini mpya kwa barua pepe kabla ya kurudi. Siku hizi vyuo hutuma nakala iliyosainiwa kielektroniki.

Jimbo, halafu kodi

Ukaazi wa ada kwa vyuo vya umma ni mfupi kuueleza. California hudai uwepo wa siku 366 na nia ya kuishi jimboni, na mwenye F-1 hawezi kuwa mkaazi hata akae miaka kumi. Kwa hiyo kuna nyongeza ya dola 15,102 kwa mwaka kwa wanafunzi wa programu za kitaaluma. Habari njema ni kwamba mtahiniwa wa uzamivu husamehewa nyongeza hiyo yote kwa miaka 3, ikihesabiwa tangu muhula unaofuata baada ya kuwa mtahiniwa. Miaka hiyo inakwenda hata usipokuwa umesajiliwa. Uliyetumia mwaka mmoja nyumbani umebakiwa na miwili.

Kodi haifuati jimbo wala haiulizi mihula. Mwenye F-1 husamehewa kuhesabiwa siku kwa miaka 5 ya kalenda, na mwaka wa kwanza unahesabiwa hata kama ulifika Agosti. Aliyeingia Agosti 2021 alimaliza miaka yake Desemba 31, 2025. Kuanzia Januari 1, 2026 siku zinahesabiwa, na zikifika 183 katika mwaka huo ni mkaazi wa kodi, ingawa kwa uhamiaji bado ni mwanafunzi. Kabla ya hapo, kila mwaka jaza fomu 8843, ya kuonyesha msamaha huo wa siku, hata kama hukupata senti, pamoja na mke au mume na watoto wenye F-2, kila mmoja yake. Mwenye kipato hujaza 1040-NR, fomu ya kodi ya asiye mkaazi. Posho ya ufadhili inayozidi ada na vitabu hukatwa asilimia 14, na hakuna mkataba wa kodi kati ya Marekani na Kenya, Tanzania au Uganda wa kuipunguza. Ukishakuwa mkaazi wa kodi, fomu ni 1040, na kipato cha nyumbani kinaingia, pamoja na pango la ile nyumba ya Mbezi. Akaunti zako za nje, zikijumlishwa na kuzidi dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, zinatakiwa kuripotiwa. Wengi hawalijui hili mpaka mwaka wa saba.

Muhula wa mwisho

Vyuo vingi hutaka uwe umesajiliwa muhula unaotetea tasnifu au kuiwasilisha, na kiangazi ni muhula. Kutetea Julai bila usajili wa kiangazi hukwama dirishani. California ina njia ya nafuu, ada ya kuwasilisha, ambayo ni nusu ya ada ya huduma za wanafunzi, ila si usajili: haina bima, na mwenye F-1 lazima aonane kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa sababu inagusa tarehe ya mwisho ya I-20.

Baada ya kukamilisha una siku 60 za kuondoka, kuhamia chuo kingine au kubadili hadhi. Ukijitoa kwa ruhusa ni 15. Ukiacha masomo bila ruhusa ni sifuri. Kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, OPT, huombwa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza hadi siku 60 baada yake, na ombi lazima lifike uhamiaji ndani ya siku 30 tangu afisa alipokupendekeza katika SEVIS. Mwanafunzi wa uzamivu anaruhusiwa kuiomba akishamaliza kozi zote, hata kama tasnifu bado, lakini miezi 12 ya OPT ikianza kuliwa wakati bado unaandika, haitakuwepo utakapoihitaji.

I-20 zako zote, hata zilizopitwa, zitunze katika faili moja pamoja na barua za ruhusa ya kupunguza mzigo na uthibitisho wa usajili wa kila muhula. Ofisi za chuo hazilazimiki kuzihifadhi milele, na fomu za uhamiaji za miaka kumi baadaye bado huziulizia.